Unyayo kwa Unyayo

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, hotuba na jozi ya viatu vyeusi. Saa inakwenda vizuri. Hotuba nimeisahau, mniwie radhi. Viatu vinanibana. Tangu jana nimekaa navyo mapajani nikijiuliza imekuwaje watu ambao kazi yao ni kupima miguu wakamnunulia mwenzao viatu bila kumpima, na nimeona kuna majibu mawili tu: ama mlitaka nishtukizwe, ama niliwafundisha vibaya. Hilo la pili limenisumbua mpaka nikachukua kalamu. Vyeo nilivyopanda sitaviandika, maana havitajaza ukurasa. Nitawaandikia habari za miezi yangu ya kwanza kazini, na za kisigino cha mtu mmoja anayeitwa Hamisi.

Nilifika pwani ya kusini miaka ya mwanzo ya Uhuru, wakati kila ofisi ilikuwa na kiti kilichoachwa na mtu aliyerudi kwao, na kila kijana mwenye cheti alitafutwa aje akikalie. Mimi nilikuwa nimetoka milima ya Taita kupitia shule za bweni, nikiwa na cheti cha tiba ya viungo, kitabu kinene, kipimapembe cha chuma na wasiwasi. Nilipangiwa kituo kidogo cha afya kati ya Ukunda na Msambweni, ambacho siku hizi hakipo tena. Kwa ajili ya siku hiyo nilinunua viatu vipya Mombasa, vyembamba, vya kamba, kama nilivyowaona wakubwa wakivaa. Kutoka barabara kuu hadi kituoni nilitembea nikijizoeza maneno ya kujitambulisha. Nilipofika mlangoni nilikuwa nachechemea miguu yote miwili.

Muuguzi mkuu alikuwa Bi Mwanasiti, Mdigo wa Msambweni, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini ambayo hakuwahi kuhitaji kuipandisha.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Keti pale kwenye benchi. Daktari mpya wa viungo anafika leo, atakutazama huo mguu."

Ningeweza kumsahihisha pale pale. Lakini nilianza kufikiri jinsi ya kumsahihisha mtu mzima bila kumwaibisha mbele ya watu, na nilipokuwa bado nafikiri nikawa nimeshaketi. Nikakaa kati ya mama mwenye mtoto wa surua na mzee aliyechomwa na mwiba wa taa, yule samaki, tukamngoja daktari pamoja. Mzee akaniambia vijana wa siku hizi hawana heshima ya saa. Nikamkubalia. Adhana ya adhuhuri ilipolia, Bi Mwanasiti akaja kusoma barua iliyochomoza mfukoni mwangu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Basi daktari, mgonjwa wako wa kwanza ni wewe. Vua viatu hivyo."

Sasa niwaeleze zana. Kitabu kilisema mguu mzima una upinde upande wa ndani, kwa hiyo unyayo wake ukichapwa kwenye karatasi huacha pengo pale katikati. Mguu usio na pengo umelala, na mguu uliolala ni maradhi. Hatukuwa na wino wa kuchapia, nikakoroga buluu ya kufulia nguo kwenye beseni. Kila aliyekuja, hata kwa kikohozi, nilimkanyagisha kwenye beseni, kisha kwenye karatasi ya kaki. Karatasi nilizibandika ukutani, kila moja na jina la mwenyewe, zikakaa kwa mpangilio mzuri sana. Watu wakarudi makwao na nyayo za buluu, na huko Ukunda wakawa wanatambuana kwazo: aha, nawe umetoka kwa yule.

Nyayo zote zilikuwa zimejaa. Hakuna pengo hata moja. Wavuvi, wakulima, wasukaji wa makuti, wote miguu imelala. Nilikaa na jambo hilo mpaka nikashindwa kula, kisha nikamwendea Bi Mwanasiti nikamwambia kwamba wilaya nzima ina ugonjwa wa miguu na serikali lazima ijulishwe.

"Wanatembea?" akauliza.

"Wanatembea."

"Yule mama aliyeko nje ametoka Bodo leo asubuhi, kwa miguu. Kinachomuuma ni sikio."

Nikatoka kumtazama mama huyo wa Bodo. Alikuwa ametundika kikapu chake kwenye msumari juu ya dirisha, na wakati huo huo alijinyoosha kukitwaa, akasimama kwa ncha za vidole. Nikaona kwa macho yangu: chini ya mguu wake mpana, upinde ukainuka kama mgongo wa paka. Alipokanyaga chini ukashuka. Nikamwomba arudishe kikapu, akitwae tena. Akafanya. Nikamwomba tena. Safari iliyofuata alimuuliza Bi Mwanasiti kama daktari ni mzima.

Nilikuwa mzima, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, kama mkanda, unaoanzia kisiginoni ukashika mizizi ya vidole. Vidole vikikunjwa juu, mkanda ule hujizungusha kwenye vifundo vyake kama kamba kwenye kapi la kisimani. Kamba ikifupika, upinde hunyanyuka na mguu unakuwa mgumu wa kusukumia ardhi. Jambo hilo nililisoma chuoni, nikalipasia mtihani, nikalisahau. Watu niliowapima walikuwa hawajavaa viatu vya kufunika mguu tangu kuzaliwa; kilichojaza karatasi zangu kilikuwa nyama, misuli iliyofanya kazi, na yale mafuta mazito ambayo Mungu ameyafunga kwenye vyumba vidogo vidogo chini ya kisigino ili kila hatua ipate mto wake. Miguu yao haikuwa imelala. Ilikuwa imeshiba.

Nilitaka kuwaeleza wenyewe. Tatizo, wakati huo walikuwa wameacha kuja.

Kwa siku kadhaa benchi lilikuwa tupu. Waliokuja walipita kwa ukingo wa mguu, wakaingia chumba cha Bi Mwanasiti, na walipotoka wengine walifagia mchanga walipokanyaga. Nikaanza kujinusa. Ndipo Bi Mwanasiti aliponiketisha akanieleza, kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali, kwamba kwa watu wa huku unyayo wa mtu si kitu cha kumwachia mgeni. Mwenye nia mbaya huchota mchanga uliokanyagwa akaenda kuufanyia mambo, na mwenye mchanga akaanza kukonda. "Na wewe," alisema, "hukuchota mchanga. Umechukua unyayo mzima, ukaandika jina la mwenyewe, ukautundika ukutani."

Nikasema mimi ni mtu wa sayansi.

"Ndiyo wanavyosema. Wanasema wengine huchukua kwa siri, huyu hana hata haya."

Nilibandua zote nikawarudishia wenyewe mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Hii, kumbukeni, ilikuwa miaka mingi kabla neno nyayo halijapata shughuli nyingine katika siasa za nchi yetu. Walipokea karatasi zao kwa adabu, wakanipa uji, wakazichoma nikiwatazama.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Hamisi. Alikuwa kijana wa Bongwe wa rika langu, mrefu, mwenye kukaribisha watu kwa mkono hata akiwa yeye ndiye mgeni. Aliacha jahazi la mjomba wake akapata kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli mpya pale Diani. Hoteli iliwavisha wahudumu kanzu nyeupe ndefu, mshipi mwekundu, tarbushi, na viatu vyeusi vilivyonunuliwa kwa mkupuo, vyembamba kama vyangu. Sasa kisigino cha kulia kilimuuma kama kimepigwa msumari, na hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote. Ijumaa ya wiki iliyofuata ukumbi mkubwa wa kulia chakula ungefunguliwa. Meneja, mzungu mmoja mwenye masharubu, alikuwa amesema atasimama mwenyewe kumtazama kila mhudumu akibeba supu kutoka jikoni hadi meza ya mwisho, na atakayechechemea arudi kwao.

"Nimeposa, daktari," Hamisi alisema. "Nimeposa nikiwa mtu wa hoteli."

Nikabonyeza ukingo wa ndani wa kisigino, pale mkanda unapoanzia. Akaruka. Nikaelewa: mtu aliyelelewa juu ya mchanga amehamishiwa sakafu ya saruji kutwa nzima, vidole vimefungwa kwenye kiatu hata haviwezi kukunjuka, na misuli ya shavu la mguu imekaza. Mkanda unavutwa kila hatua mpaka unachanika pale pale ulipojishika. Nilitaka kumkatia kipande cha mpira kikae ndani ya kiatu, chenye tundu chini ya pale panapouma. Ili kikae sawa nilihitaji chapa ya unyayo.

"Unyayo wangu sikupi hivi hivi," alisema. "Lakini nimekuja na neno. Nipe wako, nikupe wangu."

"Wangu wa nini?"

"Wangu utakaa kwako, wako utakaa kwangu. Ukifanya jambo na wangu, nami nina wako."

Nikamtazama Bi Mwanasiti aje aniokoe. Alikuwa anahesabu bandeji. "Ni haki," alisema bila kugeuka. "Hata benki hawakupi kitu bila kushika kitu."

Niliwaza hivi. Nikikataa, nitakuwa naogopa, na nikiogopa basi naamini, na nikiamini basi wale waliochoma karatasi walikuwa na haki. Nikikubali kwa sababu siamini, vyema; lakini mtu asiyeamini asingechukua muda wote huu kufikiri. Hamisi alinisubiri kwa utulivu. Kazi yake ilikuwa kusimama huku watu wakiamua. Mwishowe nikavua kiatu nikaingiza mguu kwenye beseni.

Chapa yangu ilitoka vipande viwili, kisigino huku, vidole kule, katikati karatasi tupu. Vidole vyenyewe vilikuwa vimelaliana kama ndugu kwenye kitanda kimoja. Hamisi akaigeuza karatasi, akaitazama tena, akachungulia ndani ya beseni.

"Daktari," aliuliza, "huu ndio wote, au kuna kipande kimebaki humu?"

Bi Mwanasiti alilazimika kutoka nje.

Kipande nilikikata kutoka ndara kuukuu, kinene nyuma, chembamba mbele, na tundu mahali pake. Nilimfundisha Hamisi asinyanyuke kitandani kabla hajavuta vidole vya mguu kwa mkono ili mkanda uamke taratibu; aviringishe unyayo juu ya chupa ya soda; asimame mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, ausukume ukuta mpaka ahisi shavu la mguu linanyooka. Mamake, aliniambia, alimkuta asubuhi anausukuma ukuta wa nyumba, akamwita jirani waje waone. Lakini maumivu yalipungua. Katikati ya wiki alikuwa akikanyaga vizuri, mradi kipande kiwemo kiatuni.

Habari za mapatano yetu zilienea, na benchi likajaa tena. Kila mtu alikuja na sharti lile lile: unyayo kwa unyayo. Nilikanyaga beseni asubuhi na jioni. Mguu wangu ukawa wa buluu mpaka kwenye kifundo, na nyayo zangu zikatapakaa kuanzia Bongwe hadi Msambweni, nyingine ndani ya sanduku, nyingine chini ya godoro. Moja nilisikia imevuka maji hadi kisiwa cha Wasini. Sikuamini lolote. Ila nikihisi ganzi ya kidole nilikuwa nikijiuliza ni nyumba gani.

Ijumaa ilipofika sikuweza kukaa kituoni. Nilimwambia Bi Mwanasiti nampelekea Hamisi kipande cha akiba, akasema, "Nenda, mwanangu, hapa unanizungukia tu." Mfukoni nilikuwa na kipande hicho, plasta ya kunata, mkasi, kipimapembe na chapa ya mguu wa Hamisi, kwa sababu sikuthubutu kuiacha nyuma.

Nilifika watu wakiwa wanatoka swala. Nyuma ya vyumba vya wafanyakazi kulikuwa na msikiti mdogo wa mabati, na wahudumu waliswali hapo kabla ya kuingia kazini. Mlangoni waliacha viatu vyao. Mnanielewa. Viatu vyote vyeusi, vyote vya mkupuo mmoja, vyote vipya. Katika maisha yao yote mtu alitambua makubadhi yake kwa kamba iliyokatika au kisigino kilicholika. Hapa hapakuwa na alama yoyote, na meneja alikuwa akigonga kengele. Kila mmoja alichomeka miguu kwenye vilivyo karibu akakimbia. Hamisi, aliyerefusha dua, na nadhani mnajua aliomba nini, alitoka akakuta jozi moja imebaki. Haikuingia hata vidole.

"Vyangu vimekwenda," alisema.

Kipande cha akiba kilikuwa mkononi mwangu, na kiatu cha kukitilia hakikuwapo. Nikasema tutafute. Nikasema nitawatazama wote wakitembea, aliyevaa kipande kilichokatwa kwa mguu wa mwingine lazima ainame mbele, nitamtambua kwa pembe ya goti, nitoe tu kipimapembe changu...

"Daktari," Hamisi alisema, "supu inapoa."

Hapo, wenzangu, ndipo kitabu na kichwa changu vilipokutana kwa mara ya kwanza. Nilimvuta ndani ya stoo ya jikoni, nikamketisha juu ya gunia la mchele, nikapangusa kisigino kwa leso yangu. Nikayakusanya yale mafuta ya kisigino kwa vidole, kutoka pembeni kuja katikati, yakarudi chini ya mfupa kama mto uliopigwapigwa, nikayafunga hapo hapo kwa plasta. Kisha nikapitisha plasta nyingine kutoka nyuma ya kisigino hadi chini ya vidole, ukingo huu na ukingo huu, na nyingine kukingama, ili plasta ivute badala ya mkanda. Nikamwambia asimame.

Akasimama. Akakanyaga. Uso wake ukabadilika.

"Na viatu?" akauliza.

Tukatazama chini wote wawili. Kanzu ilifika ardhini.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Mpishi na wasaidizi wake walikuwa nyuma yangu, na mmoja aliniegemea begani. Wahudumu walikwenda mmoja mmoja, ko, ko, ko, juu ya sakafu mpya, na meneja alisimama karibu na meza ya mwisho mikono nyuma. Wa kwanza alichechemea kidogo, masharubu yakacheza. Wa pili alikuwa jirani wa Hamisi, jina lake Juma, na kabla hajafika katikati nilijua kipande changu kiko wapi: alikuwa ameinama mbele kama anayeifukuza supu, na supu inamkimbia. Meneja aliandika kitu. Kisha akaja Hamisi.

Hakusikika. Alitembea kama wanavyotembea watu wa huku kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yametoka: kisigino, ukingo, vidole vikijitandaza kimoja kimoja, kisha mkanda ukajivuta na mguu ukasukuma. Kanzu ilikwenda kama imening'inizwa kwenye kamba. Supu haikutikisika. Aliiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. Kisha meneja akaita kila mtu, hata sisi wa jikoni.

"Mmemwona huyu?" alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Wote nawapa viatu vizuri. Mtu mmoja tu anajua kuvaa."

Mpishi aliingia kabatini kutafuta chumvi, hakutoka kwa muda.

Hamisi alibakizwa, na akapewa kazi ya kuwafundisha wenzake mwendo. Aliwafundisha kwa uaminifu. Mwisho wa mwezi hakukuwa na mhudumu hata mmoja aliyevaa viatu chini ya kanzu, Juma akiwamo, na hoteli ilisifiwa kwa utulivu wa ukumbi wake. Nasikia meneja aligundua siku alipoinama kuokota uma. Alikaa kule chini kitambo, akanyanyuka, akaagiza uma mwingine. Baadaye vililetwa viatu vipana, na kabla ya kuvinunua aliniita nikapime miguu yao. Nilikwenda na beseni langu. Walinidai nyayo zangu, kila mmoja.

Mengine ya miaka iliyofuata mnayajua, maana mengi tuliyafanya pamoja: watoto wa kifundo kilichopinda, vidonda vya wenye sukari, kano za kisigino zilizokatika kwenye mechi za kandanda. Msipime mguu kabla hamjamwona mwenyewe akitembea kuingia mlangoni. Mpeni mgonjwa kikapu akitwae kutoka juu. Na kabla ya kununua viatu, chukueni kipimo, hata kama atakayevaa ni mimi.

Wiki iliyopita, nilipokuwa nasafisha droo yangu kazini, niliikuta chapa ya Hamisi, karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Nikaona si vyema kustaafu na dhamana ya mtu. Nikaenda Bongwe. Naye amestaafu, ana wajukuu, na yule aliyemposa ndiye aliyetuletea kahawa. Nikamwekea karatasi yake mezani nikamwambia nimekuja tubadilishane, yake arudishiwe, yangu niichukue.

"Yako ipo," alisema. "Ipo chini ya godoro. Lakini siitoi."

"Kwa nini?"

"Tangu niiweke pale, kisigino hakijaniuma."

Nikamweleza yote. Mkanda, kapi, mafuta ya kisigino, plasta, kuusukuma ukuta, viatu vipana. Nilieleza vizuri, nadhani sijapata kueleza vizuri hivyo hata darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akanijazia kikombe.

"Sawa, daktari," alisema. "Na wewe, muda wote huo ukiwa na yangu, mguu umewahi kukuuma?"

Nikafikiri. Nilifikiri mpaka kahawa ikapoa. Isipokuwa hivi viatu vyenu, sikukumbuka hata siku moja.

Nikaikunja karatasi yake kwa uangalifu, nikairudisha mfukoni, nikaaga. Iko kwenye droo ile ile, na ufunguo ninao mimi. Siamini mambo hayo, mnanijua. Naomba tu asije mtu akaisogeza.